Nilivyompiga Naibu Picha Akioga

Niliingia kazini siku ya Jumanne, saa nane mchana, nikiwa na jembe mkononi na kisiki cha mkaratusi mbele yangu. Sikuwa nimeomba kazi yoyote. Nilikuwa Form Two, na kisiki nilikuwa nimepewa na Naibu Mwalimu Mkuu kwa kosa la kutembea kama yeye mbele ya bweni zima. Naibu hutembea hivi: polepole, kichwa chini, mikono mgongoni, halafu anasimama, ananyoosha mguu mmoja na kukoroga chini ya kitanda aone ni simu ya nani itatoka. Mimi nilikuwa nimefika hapo pa kukoroga nilipoona wenzangu wameacha kucheka. Ukiona vijana ishirini wamenyamaza pamoja, usigeuke. Jua tu kuna mtu nyuma yako.

Nyinyi wa Gredi ya Kumi mnaosoma jarida hili mnatutazama sisi wa Form Four kama watu waliosimuliwa na nyanya zenu. Sawa. Ni kweli sisi ndio wa mwisho wa mfumo wetu. Tukitoka, mlango unafungwa. Ndiyo maana naandika. Nimestaafu wiki iliyopita nikiwa na miaka kumi na saba, baada ya kutumika miaka miwili kama Mpiga Picha wa Chama cha Wanyamapori, kwa sababu sheria ya shule inasema mtu wa Form Four hashiki cheo chochote isipokuwa kitabu. Mgongo bado uko sawa, asanteni kwa kuuliza.

Siku hiyo ya kisiki alipita mwalimu wa bayolojia, ambaye pia alikuwa mlezi wa Chama. Tulimwita Madam Mlezi. Alisimama, akanitazama nikirukaruka na jembe, nikiimba, nikiongea na kisiki. Kisha akamwambia Naibu, aliyekuwa amesimama pembeni kuhakikisha naumia, "Sir, huyu naomba nimchukue."

"Wa nini? Huyu hawezi kutulia hata dakika moja."

"Ndiyo maana namtaka. Anayeweza kutulia nikimpeleka porini analala."

Naibu akafikiri. "Mchukue. Lakini kisiki ni chake. Kitamngoja."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kamera yenyewe ilikuwa ya Madam, si ya shule, na hilo mlikumbuke. Ilikuwa nyeusi, nzito, imechakaa pembeni kama kiatu cha mchezaji wa kiungo cha kati. Ilikuwa na lenzi ndefu, ile ya kuvuta, ambayo humleta ndege aliye ng'ambo ya bonde hadi unaona amekasirika. Madam alinifundisha mambo mawili tu. La kwanza ni fokasi, yaani mahali ambapo picha inakuwa kali, na fokasi huwekwa kwenye jicho. "Jicho kwanza," alisema. "Mkia ukiwa ukungu, watu watasamehe. Jicho likiwa ukungu, umepiga picha ya kitambaa." La pili ni shata, mlango mdogo ndani ya kamera unaofunguka na kufunga. Ukifunguka polepole, maji yanatoka kama moshi. Ukifunguka upesi sana, tone la maji linasimama hewani kama limeitwa jina. Niliandika yote kwenye daftari, kisha nikalipoteza daftari.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa papa hapa Mbooni, nyuma ya jikoni, ambapo maji ya kuoshea sufuria humwagika na kwarara hushuka asubuhi kutafuta minyoo. Mnawajua kwarara, wale ndege wa kijivu wanaopiga kelele alfajiri kama mtu amekanyagwa kidole. Ukungu wa Mbooni nao huwa haumwogopi mtu. Unaingia hadi darasani na kukaa dawati la mbele. Nilipiga picha mia mbili muhula huo. Mia moja na tisini zilikuwa ukungu, na kumi zilikuwa kuku wa mpishi. Mpishi alizipenda sana.

Kituo cha pili kilikuwa Migwani, tulikokwenda kukutana na vyama vya shule nyingine na kutundika picha ukutani. Nilitundika picha yangu bora, yangeyange akiruka kutoka mgongoni mwa ng'ombe. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, alisimama mbele yake muda mrefu nikafikiri tumeshinda. Kisha akaniita kwa upole.

"Kijana, hii ni ndege ama ni moshi?"

"Ni ndege, madam. Ni vile alikuwa na haraka."

"Na wewe?"

Wenzangu walijibu kwa niaba yangu safari yote ya kurudi, kutoka Migwani hadi Mbooni. Kwa muhula mzima jina langu lilikuwa Moshi. Nilicheka nao, maana ukiwa mchekeshaji lazima ucheke hata kama wewe ndiwe unayechekwa. Lakini niliposhuka kwenye basi la shule sikuweza kumtazama Madam. Yeye alinipokea kamera, akaifuta lenzi kwa ncha ya mtandio wake, akanirudishia. Ningependelea kisiki.

Nikaendelea hivyo hadi Form Three, nikipiga moshi na kuku, mpaka mwisho wa muhula wa pili Madam aliponiita maabarani. Alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye katoni. Amehamishwa. Angerudi kwa siku ya kwanza tu ya muhula wa tatu kukabidhi darasa, kisha aondoke.

"Na kamera?" niliuliza, kabla hata ya kusema pole. Msinihukumu.

"Kamera ni yangu, naenda nayo." Kisha akaketi juu ya katoni. "Lakini nitakwambia kitu. Tangu nikiwa msichana natafuta picha moja. Unamjua fundichuma?"

Ni nani asiyemjua fundichuma? Ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, kishungi kimerudi nyuma, anayejenga nyumba ya vijiti kubwa kuliko kreti tatu za soda. Anatembea kwenye maji ya kina kifupi, polepole, kichwa chini. Kisha anasimama, ananyoosha mguu mmoja na kukoroga matope aone ni chura gani atatoka. Chamani tulikuwa tumempa jina zamani. Tulimwita Naibu. Madam alijua, na alijifanya hajui.

"Mkubwa akioga hana maajabu," alisema. "Anachovya kifua kama afisa, anaenda zake. Lakini kinda, yule aliyetoka kwenye kiota juzi, anaoga kama anapigana na maji. Nimemwona mara mbili maishani na sijawahi kumpata. Wewe susu yako si yuko Mutomo, karibu na mto?"

Susu, kwa wasiotoka huku kwetu, ni nyanya. Nikasema ndiyo.

"Basi nenda nayo likizo hii. Uniletee kinda akioga, jicho kali, maji yamesimama. Ukileta, kamera inabaki shuleni. Usipoleta, ilete tu salama."

Nilibeba kamera hiyo hadi Mutomo kama mtu aliyebeba mtoto wa chifu.

Mto wa kwa Susu mwezi wa Agosti ni mchanga mtupu. Maji yako chini, na watu huyachimba: kisima cha mchanga, unashuka ndani hadi kiunoni, unachota kwa kikombe, unajaza mitungi, unampakia punda. Pembeni ya kisima cha Susu kulikuwa na mwamba wenye bonde dogo, na Susu, akimaliza kujaza mitungi minne, alimwaga hapo ndoo mbili za punda kunywa. Punda wake aliitwa Tingatinga. Mita hamsini kutoka hapo, juu ya mgunga, kulikuwa na nyumba ya fundichuma, na ndani yake makinda watatu waliokuwa wameanza kutoka nje. Mmoja alikuwa mkorofi kuliko wenzake. Huyo ndiye nilimwita Naibu, wale wawili wakabaki ndege tu.

Nilifanya kazi kitaalamu. Nilijenga maficho, yaani kibanda cha mpiga picha cha kumzuia ndege asimwone. Matawi ya miiba, gunia, majani juu. Siku ya kwanza niliketi humo tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, Naibu hakushuka. Siku ya pili siafu walishuka. Siku ya tatu nilikuta mbuzi wa majirani wamekula paa na ukuta wa kushoto. Nikajenga tena. Siku ya nne mbuzi walirudi nikiwa ndani, mmoja akaingiza kichwa, tukatazamana, akaendelea kula. Wakati huo wote maji ya kisima yalikuwa yanashuka, Susu anachimba chini zaidi kila asubuhi, na ndoo mbili za punda zikawa moja na nusu. Likizo ilikuwa inakwisha. Makinda nao walikuwa wanakua. Naibu alikuwa ameanza kutembea kwa heshima, na heshima ikishaingia, kuoga kwa vita kunakwisha.

Siku ya sita Susu alisimama nje ya maficho yangu, mikono kiunoni.

"Mwana wakwa, toka humo."

"Susu, nimejificha. Ndege asinione."

"Anakuona. Mimi nakuona. Mbuzi wanakuona." Akavuta gunia. "Mtu akijificha karibu na nyumba yako, wewe unafikiri ni nani?"

"Mwizi."

"Ehe. Sasa huyo ndege ana akili kukushinda. Asubuhi nikija na punda anashuka, anatembea hapa kwa miguu ya punda anatafuta vitu vyake. Ukishaingia kwa hiyo nyumba yako ya wizi, haji. Kaa na punda. Punda anajulikana."

"Nikae naye wapi?"

"Chini. Wewe si ni mrefu, jikunje."

Kwa hivyo siku ya saba, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, afisa wenu alienda kazini chini ya punda. Susu alimfunga Tingatinga kwenye mwamba, akamwaga maji, nikajikunja katikati ya miguu minne, lenzi ikichungulia kando ya mguu wa mbele wa kushoto. Harufu siielezi. Nilipandisha shata hadi sehemu moja ya elfu moja ya sekunde, kama Madam alivyosema. Susu akarudi kisimani kuchota, akiimba chinichini wimbo wa kanisani, kama kila siku.

Naibu alishuka.

Alitua upande wa pili wa bonde la maji, hatua sita kutoka kwangu. Akamtazama Tingatinga. Akanitazama mimi, nina hakika, na akaamua kuwa mimi ni sehemu ya chini ya punda. Akaingia majini polepole, kichwa chini. Akanyoosha mguu mmoja, akakoroga. Nilibana midomo hadi machozi yakanitoka, maana ilikuwa ukaguzi wa bweni, mambo yale yale. Nikabonyeza mara tano; chura hakutoka. Naibu akasimama akifikiri.

Halafu akajitupa. Sijui niseme vipi. Alianguka kifua kwenye maji kama mtu aliyesukumwa, akapiga mabawa, akazungusha kichwa, akaketi, akainuka, akaanguka tena. Maji yaliruka juu kuliko yeye. Alikuwa akipigana na yale maji na yalikuwa yanamshinda na alikuwa amefurahi. Nikaweka fokasi kwenye jicho na kubonyeza.

Ni hapo ndipo Tingatinga, aliyekuwa ameshakunywa vya kutosha, alinikojolea.

Jamani. Ni maji ya moto na ni mengi. Yalianzia mgongoni, yakaingia kwenye kola, yakashuka. Kila kiungo cha mwili wangu kilitoa hoja ya kuruka. Ningeruka, Naibu angeruka, Madam angeondoka na kamera, na mimi ningebaki Moshi hadi siku ya kuzikwa. Nikafunika kamera kwa kifua, nikakunja shingo, nikaendelea kubonyeza. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu hatulii. Ningependa aletwe pale mtoni. Nilitulia mpaka Naibu alipotoka majini, akajikung'uta, manyoya yamesimama kama mtu aliyeamshwa na kengele, akaruka kwenda kwao.

"Umempata?" Susu aliuliza kutoka kisimani.

"Nimempata."

"Mbona unanuka?"

Katika picha arobaini, nne zilikuwa kali. Moja ilikuwa hiyo mnayoijua: jicho kali, matone yamesimama hewani, mdomo wazi. Na upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini, mguu wa punda.

Sasa naja kwenye kosa. Nilitaka Madam ajue siku hiyo hiyo. Susu ana simu ndogo ya vibonye. Nikachukua barua ya kufunga shule. Madam alikuwa ameniandikia nambari yake chini, kwa kalamu, na juu kulikuwa na nambari ya shule iliyochapishwa, ambayo wakati wa likizo hushikwa na Naibu. Yule mwenyewe, wa vitanda. Nilikuwa nimelowa na nimefurahi. Nikanakili ya juu.

Niliandika hivi: "Madam hatimaye nimempata Naibu akioga mtoni. Hakuniona. Amefurahi sana anarusha maji mdomo wazi. Picha ziko kali. Mguu wa punda umeingia lakini nitaukata."

Jibu lilikuja upesi. "Wewe ni nani."

Nikafikiri Madam anatania. "Ni Moshi," nikajibu.

"Nambari hii ni ya shule. Na Naibu ni mimi."

Niliketi mchangani. Simu ikalia. Nikamwambia Susu asipokee, akapokea, kwa sababu Susu haachi simu ilie, ni tabia mbaya. Akampa jina langu, la baba yangu na la ukoo, akamwambia ndiyo, ni kweli nilikuwa mtoni, na ndiyo, punda yuko. Akamkaribisha na chai.

Siku ya kufungua shule niliitwa ofisini kabla hata ya kushusha sanduku. Madam alikuwa amesimama dirishani, katoni zake ziko mlangoni. Naibu alikuwa ameketi, ameshaelezwa na Madam kwamba Naibu wa mtoni ni ndege. Nikajua Naibu akiichukua kamera siku hiyo, Madam hataweza tena kutuachia, na picha aliyoitafuta maisha yake yote itabaki ndani.

"Kwa shule hii mnaniita ndege," Naibu alisema.

"Hapana, sir. Ndege ndiye tunamwita wewe."

"Onyesha."

Nikawasha kamera. Alizitazama zote arobaini, moja moja, tangu mwanzo. Kwenye ya tano akakawia.

"Hapa anafanya nini na mguu?"

"Anakoroga, sir. Anatafuta vyura."

Naibu alitazama chini ya meza, kwenye mguu wake mwenyewe. Madam aligeukia dirisha, mabega yanacheza.

"Mimi hutafuta simu," Naibu alisema.

"Ndiyo, sir."

"Na huzipata."

"Ndiyo, sir."

Alifika kwenye ile kali. Akakohoa. Alikohoa muda mrefu, kitambaa mdomoni. Kisha akampa Madam kamera, na Madam alipoiona aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso. Nikasema, ili tu kuwe na sauti, "Huo mguu nitaukata, Madam. Hata hautaonekana."

"Usiuguse," alisema. "Mimi picha zangu zote hazina punda. Na hazina kinda."

Akaiweka kamera mezani, mbele ya Naibu, akaenda kubeba katoni zake. Nilimsaidia kubeba mbili hadi kwenye gari. Alisema "Jicho kwanza," nami nikasema "Jicho kwanza," na hayo ndiyo maagano yetu yote. Niliporudi, Naibu alikuwa amefungia kamera kabatini.

"Inakaa hapa. Inatoka kwa kazi tu," alisema. "Na kisiki kiko pale pale."

Mwaka huu mambo yamebadilika. Kwa Susu wamefikiwa na maji ya mfereji, kisima cha mchanga kimejifunika, na Tingatinga amestaafu kunishinda mimi, anakula na kulala. Naibu wa mtoni ni mkubwa sasa. Nilimwona Desemba akichovya kifua kama afisa, nikahuzunika kidogo. Bwenini bado tunakaguliwa. Cha ajabu, Naibu akinyoosha mguu chini ya kitanda siku hizi, husita kwanza.

Wiki iliyopita nilimpelekea Naibu ofisini fomu ya kukabidhi kamera atie sahihi. Mzazi mmoja alikuwa ameketi pale, amekuja kwa ajili ya simu ya mwanawe, macho yake yako ukutani kwenye ile picha yangu, mguu wa punda na vyote.

"Mwalimu," akauliza, "huyo ndege anayefurahia maji hivyo ni ndege gani?"

Naibu alikuwa anatia sahihi. Hakuinua kichwa.

"Huyo ni mimi," alisema, "nikiwa mdogo."